Kosa Ni la Nani, Mwenye Kusema Ao Mwenye Kuamini?



Kati ya vijana wetu kumekuwa mabishano juu ya muchezo mumoja wa radio uliochezwa Marekani mwaka wa 1938, ambao wasikilizaji waliuzania kuwa habari ya kweli. Wamoja wanasema: wale walioamini walikuwa wajinga, na mujinga anapata anachostahili. Wengine wanasema: hapana, waliocheza ndio wenye zambi, juu walisema jambo ambalo halikutokea. Mimi ninaona pande zote mbili zinapita kando ya jambo lenyewe, tena zinapita mbio. Kwa hiyo nimeandika maneno haya, na ninaomba musomaji asiyaache mbele ya kufika mwisho, maana hadisi hii inajulikana kwa nusu tu.

Ilikuwa siku ya yenga, tarehe 30 Oktoba 1938, saa mbili za usiku kule New York. Kundi la wachezaji la Orson Welles, kijana wa miaka 23, lilikuwa na kipindi chake kila juma katika radio ya CBS. Usiku ule walicheza kitabu cha Mwingereza H. G. Wells kilichotoka mwaka wa 1898, kinachosimulia namna viumbe vya nyota inayoitwa Mars vilishuka duniani na kuua watu. Katika kitabu mambo hayo yanatokea Uingereza. Howard Koch, mwandishi wa muchezo, akayahamisha mupaka Grover's Mill, kijiji kidogo cha jimbo la New Jersey, karibu na mulango wa wale waliokuwa wakisikiliza.

Tena hawakusimulia kwa namna ya hadisi. Walipiga muziki wa dansi, kama radio za wakati ule zilivyofanya kila usiku, na gafula muziki ukakatwa na sauti ya mwenye kusoma habari. Kiisha muziki tena. Kiisha sauti ya mutu anayesema kutoka shambani, anahema, nyuma yake watu wanapiga kelele. Muchezaji wa sauti hii, Frank Readick, alikuwa amesikiliza kwanza sauti ya kweli iliyochukuliwa kwenye sahani, ya mutangazaji aliyelia alipoona ndege kubwa Hindenburg ikiungua moto, pale pale New Jersey, katika mwezi wa Mei 1937. Alijifunza kutetemeka kwa mutu aliyetetemeka kweli.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu mimi linapita hayo yote. Ndani ya muchezo anasema ministri wa mambo ya ndani. Wakubwa wa CBS hawakukubali Prezidenti achezwe, kwa hiyo cheo kiligeuzwa. Lakini muchezaji, jina lake Kenneth Delmar, alisema maneno ya ministri kwa sauti ya Prezidenti Roosevelt. Na sauti ya Roosevelt ilijulikana katika kila nyumba, juu alikuwa na desturi ya kusema na watu wake katika radio, kama baba anavyosema na watoto jioni. Kwenye karatasi cheo kiligeuzwa. Katika sikio la mama aliyeketi jikoni hakuna kilichogeuzwa.

Je, Welles alisema uongo? Mutu wa sheria atasema hapana. Mwanzoni mutangazaji alisema wazi kwamba ni muchezo. Kiisha dakika karibu 40 ilisemwa tena. Mwishoni Welles mwenyewe alisema. Lakini saa ile watu wengi zaidi walikuwa kwenye radio nyingine, NBC, wanasikiliza kipindi cha kuchekesha cha Edgar Bergen, na wengine kati yao waligeuza posti zao wakati muchezo ulikuwa umekwisha kuanza. Ninyi wenyewe munajua namna radio inasikilizwa nyumbani. Mama yuko kwenye mbabula, mutoto analia, jirani anaingia kuomba chumvi. Nani anasikia neno la kwanza? Mwenye radio anajua vizuri kwamba watu hawaketi toka mwanzo mupaka mwisho kama kanisani (na hata kanisani, tunajua wale wanaoingia wakati wa sadaka).

Tuje kwa wanaosema "wajinga". Mwezi mumoja mbele ya muchezo huo, katika Septemba 1938, Ulaya ilikaribia vita juu ya Hitler na inchi ya Tchécoslovaquie, mupaka wakubwa wakakutana Munich. Juma baada ya juma radio za Marekani zilikata muziki ili kusoma habari za vita. Watu walifundishwa na radio yenyewe kwamba muziki ukikatwa gafula, kuna jambo. Wengine waliosikia kwamba adui ameshuka New Jersey hawakufikiri hata kidogo habari ya nyota, walifikiri ni Wajeremani. Waliamini juu walikuwa wanafunzi wazuri wa somo walilopewa. Mutu asiyeamini kitu hakimbii, ni kweli, lakini hakimbii vilevile siku adui anapokuja kweli.

Sasa ile nusu isiyojulikana. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba Marekani yote ilikimbia. Tunaendelea kusimulia hivyo mupaka leo: mamilioni mabarabarani, watu kujiua. Lakini usiku ule ule kampuni ya kupima wasikilizaji, ya C. E. Hooper, ilikuwa ikipigia simu nyumba 5,000, na watu 2 tu kwa 100 walijibu kwamba wako kwenye kipindi kile. Hakuna kifo kilichohakikishwa. Kitabu cha profesa Hadley Cantril cha mwaka wa 1940 kilihesabu zaidi, kilisema watu karibu milioni 6 walisikia na zaidi ya milioni moja waliogopa, na wenye elimu wa siku hizi wanaona hesabu ile ilikuwa kubwa sana. Woga ulikuwako, watu walipigia simu polisi na magazeti, wengine walitoka nyumbani. Lakini inchi nzima haikukimbia. Magazeti ya wakati ule yalikuwa yanashindana na radio juu ya feza za matangazo, na yalikuwa na faida kuonyesha kwamba radio ni kitu cha hatari.

Angalieni basi. Kijana anayecheka Wamarekani kwa sababu waliamini muchezo bila kuuliza, yeye mwenyewe ameamini magazeti bila kuuliza, na miaka zaidi ya 80 imepita ambayo angeweza kuuliza, si saa moja. Walioogopa mwaka wa 1938 walikuwa na muda wa muziki wa dansi mumoja.

Kama mambo yangeishia Marekani, tungeweza kuyaacha kama kicheko. Lakini muchezo ule ule ulichezwa mahali pengine, na kule watu walikufa kweli. Quito ni muji mukubwa wa inchi ya Équateur, ile ya Amerika ya Kusini, si jimbo letu la Mbandaka. Tarehe 12 Februari 1949, Radio Quito ilikuwa inapeleka nyimbo za waimbaji wawili wanaopendwa. Wimbo ukakatwa. Sauti ikasema kwamba adui ameshuka Cotocollao, karibu na muji, na anakuja. Zikafuata sauti zilizoiga wakubwa wa serikali. Leonardo Páez, mukubwa wa michezo ya radio ile, na wenzake walikuwa wametayarisha kila kitu kwa siri. Miaka 8 tu mbele yake, mwaka wa 1941, Équateur ilipigana na jirani yake Peru na kushindwa. Kwa hiyo wengi walifikiri Peru imekuja. Watu wakatoka mabarabarani, wengine wakaenda kanisani. Polisi na askari wakapelekwa Cotocollao kupigana na adui ambaye hakuwako.

Halafu radio ikasema: tulieni, ilikuwa muchezo.

Watu hawakutulia. Walikwenda kwenye nyumba ya radio, iliyokuwa nyumba moja na gazeti El Comercio, wakatupa mawe, wakaleta moto. Ndani kulikuwa wafanyakazi, na karatasi, na wino. Watu wasiopungua 6 wanahesabiwa kuwa walikufa. Askari waliotakiwa kuwazuia wenye moto walikuwa mbali, juu ya muchezo. Páez aliokoka na kiisha akahama inchi.

Hapa ninaomba tusimame kidogo, maana watu wanapita haraka. Sisi tunasema "walidanganywa, kwa hiyo wakaua". Si hivyo. Wakati walipoamini uongo, watu wa Quito hawakuua mutu. Walikimbia, walikumbatia watoto, waliomba Mungu. Nyumba waliichoma baada ya kuambiwa kweli. Wakati wa moto ule kila mutu alijua kwamba hakuna adui. Kwa hiyo damu ya Quito haiwezi kuwekwa kwa kuamini. Kuamini kulileta woga, na woga ule haukuwa zambi. Waliochoma nyumba walifanya kazi ya haya na hasira, haya ya mutu aliyeonekana akilia mbele ya jirani yake kwa jambo la bure. Muchezo ulifungua mulango ule, lakini mukono ulioshika moto ulikuwa mukono wenye kujua. Ninasema hivi juu kuna watu wanaotaka kumupakia mwenye kudanganya zambi zote za waliodanganywa, na hiyo si haki. Kila mutu abebe mufuko wake.

Wengine watashangaa kusikia kwamba mumoja wa watu wa kwanza kufanya jambo la namna hii katika radio alikuwa mutumishi wa kanisa. Padri Ronald Knox, Mukatoliki wa Uingereza, alisema katika radio ya BBC tarehe 16 Januari 1926, kutoka Edinburgh, habari za uongo kwamba watu wasio na kazi wameinuka London, saa kubwa ya Big Ben imeangushwa, na ministri mumoja ametundikwa. Alifanya kwa kuchekesha, na ndani ya maneno alitia mambo ya upuuzi ili kila mutu aelewe. Lakini mwaka ule wafanyakazi wa Uingereza walikuwa karibu kugoma kweli, na waligoma katika Mei. Tena theluji ilichelewesha magazeti kufika vijijini kesho yake, na magazeti yasipofika watu walizania London imekwisha. Mimi simuhukumu padri. Ninasema tu kwamba watu walizoea kupokea kutoka kwa mavazi yake maneno ya kweli, na hata radio wakati ule ilikuwa kama mavazi.

Nikiwafikiri Wamarekani, watu wa Quito na Waingereza pamoja, ninaona katika kila mahali kitu kimoja. Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi, viumbe vya nyota, saa iliyoanguka. Kilichowashika watu ni sauti iliyokopwa. Sauti ya mwenye kusoma habari, sauti ya ministri, sauti ya Prezidenti, si mali ya yule anayeisema siku ile. Ni mali ya wote, kama kisima cha kartie. Watu wanaiamini ili waweze kuishi: wajue treni itapita ao haitapita, barabara iko salama ao haiko, kolera imeingia ao haijaingia. Mwenye kuikopa kwa muchezo anatia mukono mule ambamo wote wanakunywa. Hata kama mukono wake ni safi, kesho mutu atauliza kama maji ni ya kunywa, na siku ile atakapoambiwa "kimbieni" kwa kweli atacheka na kubaki kitandani.

Sisi wa Likasi hatuhitaji kwenda Quito ili kuelewa. Wazee wetu walikuwa hapa, wakati muji uliitwa Jadotville, walipotangaziwa tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga imejitenga na Congo. Neno kubwa kama lile, mutu angeweza kusema ni muchezo. Halikuwa muchezo, na mwaka uliofuata, katika Septemba 1961, watu walipigana hapa Jadotville wenyewe. Ndiyo maana niliposikia habari ya Ubelgiji sikucheka. Tarehe 13 Desemba 1906 ingekuwa ya babu zetu. Hii ni ya juzi, 13 Desemba 2006: televizio ya RTBF ilikata programu, na François De Brigode, mutu yule yule aliyekuwa akiwasomea Wabelgiji habari za jioni wakati ule, akasema kwamba Flandre imejitangazia uhuru na mufalme ameondoka. Ilikuwa fiksio, iliyotengenezwa na Philippe Dutilleul na wenzake. Baada ya karibu nusu saa ministri mwenye kusimamia mambo hayo alidai waandike wazi kwenye kioo kwamba ni fiksio, na wakaandika. Waliojitetea walisema walitaka watu wafikiri juu ya inchi yao. Labda walifikiri kweli. Lakini walichukua uso wa mutu wa habari, wakaulipia mawazo yao kwa deni la uaminifu wake. Na watu wa hapa, waliosikia neno "kujitenga" likitangazwa na likafuatwa na risasi, wanajua kwamba neno hilo si la kuchezea.

Halafu kuna mwaka wa 1992. Walio na miaka kama yangu walikuwa watoto, lakini watoto wanaona. Baada ya Mukutano Mukuu wa Taifa kumuchagua Tshisekedi kuwa ministri wa kwanza katika Agosti, maneno ya wakubwa wa jimbo yalizidi, na ndugu zetu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Katika Septemba watu hapa Likasi walifukuzwa katika nyumba, maelfu wakalala kwenye gare na mashuleni, wakingoja treni kwa majuma na miezi, na wengi walikufa wakingoja, wengine wakafa njiani. Ule haukuwa muchezo. Lakini nauliza wale wanaosema "aliyekimbia ni mujinga": kati ya familia zilizofunga mizigo siku za kwanza, kabla jirani hajapiga mulango, nani alikuwa mujinga? Waliosikia sauti ya wakubwa na kuiamini waliokoa watoto. Waliosema "ni maneno tu, yatapita" walikutwa na mawe. Katika inchi kama yetu, kuamini habari mbaya haraka ni akili iliyonunuliwa kwa bei kubwa. Ndiyo maana mwenye kutumia bei ile kwa kicheko ananiuzi.

Na wale walioamini neno bilulu? Nao waliamini. Tazameni basi tofauti. Mumoja ameamini na kushika mutoto mukono. Mwingine ameamini na kushika jiwe. Anayeamini na kukimbia, kama alikosea, amepoteza usiku mumoja na atachekwa. Anayeamini na kupiga, kama alikosea, hawezi kurudisha. Kwa hiyo sisemi musikilizaji hana kazi. Kazi yake si kutoamini, kazi yake ni kupima kile atakachofanya na imani hiyo. Kukimbia hakuhitaji uhakikisho mukubwa. Kuinua mukono kunauhitaji wote.

Vijana wataniuliza: basi muchezo wote ni mubaya? Hapana. Hapa Katanga tulikuwa na kundi la Mufwankolo, lililocheza katika Kiswahili chetu, katika radio na televizio ya Lubumbashi. Watu walisikia humo ulevi wao, ndoa zao, wakubwa wao, na hakuna aliyefunga mizigo, maana sauti ya Mufwankolo ilikuwa sauti ya Mufwankolo. Kule Tanzania, toka mwaka wa 1993, radio ya taifa ilipeleka muchezo Twende na Wakati, wenye dereva wa lori jina lake Mkwaju, aliyependa wanawake wa njiani mupaka ukimwi ukamushika. Wasikilizaji walimujua Mkwaju kama jirani, na wengine waligeuza mwenendo wao kwa ajili yake. Muchezo uliwafundisha bila kuvaa nguo za habari. Bwana Yesu naye aliposimulia Musamaria, hakuna aliyetuma watu barabara ya Yeriko kutafuta wanyanganyi. Kila mutu alijua ni mufano, na hata hivyo ulimuchoma.

Lakini kuna hadisi moja katika Maandiko ambayo haitupi raha hii. Katika 2 Samweli 12, nabii Natana anakuja kwa mufalme Daudi na kumusimulia habari ya tajiri aliyechukua kondoo mumoja wa masikini. Hakusema "huu ni mufano". Daudi alizania ni shauri la kweli, mupaka hasira ikamuwaka na akatoa hukumu ya kifo. Ni muchezo uliosikiwa kama habari, tena nabii ndiye aliyeucheza! Nimefikiri sana hapa. Ninaona mambo mawili. Kwanza, Natana alifungua jambo mbele ya hukumu kutoka katika chumba; hakuna askari aliyetumwa, hakuna nyumba iliyochomwa. Pili, na hili ni kubwa, alimudanganya mutu ambaye alikuwa na nguvu kumupita, na kwa faida ya wale waliokanyagwa. Shingo iliyokuwa hatarini ilikuwa ya Natana mwenyewe. Kule Quito wachezaji walikuwa nyuma ya ukuta, na hatari ilikuwa barabarani.

Soma sasa 1 Wafalme 13. Mutu wa Mungu kutoka Yuda amekatazwa kula wala kunywa katika Beteli. Nabii muzee anamufuata na kusema malaika amemwambia amurudishe nyumbani kwake, ale. Maandiko yanasema wazi kwamba alimudanganya. Mutu yule akaamini, akala, na simba akamuua njiani. Muzee aliyesema uongo hakuguswa na simba. Alichukua maiti, akalia, akaizika katika kaburi lake mwenyewe, na akaomba siku atakapokufa alazwe kando ya mifupa ile. Mutu wa Yuda alikuwa na neno lake mwenyewe na aliliacha juu ya neno la mwingine. Hilo ni lake. Lakini angeweza namna gani kukataa muzee, nabii, mwenye kutaja malaika?

Hapa jambo linaingia nyumbani mwetu. Sisi tuko kanisa linaloamini kwamba Mungu anasema na watu wake mupaka leo. Kwetu hakuna posti ya radio yenye nguvu kama maneno "Roho ameniambia". Ministri anaweza kubishiwa, gazeti linaweza kutupwa. Mama aliyeambiwa kwa jina la Roho kwamba jirani yake ndiye aliyefunga tumbo lake, atafanya nini na jirani huyo? Kijana mwenye kuchimba malakiti hapa Kamatanda, akiambiwa shimo fulani limebarikiwa, hatangoja kuangalia kama udongo ni imara. Mwenye ndoto anaweza kuwa na moyo safi. Katika kipindi cha Welles vilevile ilisemwa mwanzoni kwamba ni muchezo. Lakini ndoto ikisemwa kwa sauti ya unabii, imechukua cheo ambacho si chake, na mwenye kusikia hana njia ya kujua, isipokuwa mwenye kusema amuambie: hii nimeota, hii ninafikiri, hii ninaogopa tu.

Siku hizi sauti hata haihitaji mutu. Katika simu zinapita sauti zisizo na mwenyewe: mutu fulani mukubwa amekufa, vita vimefika mahali fulani, shimo limeanguka na vijana wako ndani. Na mashini zimejifunza kuiga sauti ya mutu anayejulikana, kupita Delmar. Anayezipeleka mbele anasema "mimi nimepokea tu". Lakini mama wa muchimbaji, akipokea ile sauti kutoka kwa simu ya shemasi, anaamini juu ya shemasi.

Nimewaomba wazee wa kusanyiko letu kwamba mutu akisimama kusema ndoto, aulizwe kwanza mbele ya wote kama ni ndoto ao ni neno, na jibu lake liandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Wengine wamekubali. Baba mumoja, mutu ninayemuheshimu, amekataa. Ameniuliza kama Natana, siku ile mbele ya Daudi, angeulizwa na mulinzi wa mulango "hii ni habari ao ni mufano?", je, Daudi angepata kutubu? Tutakaa tena kwa swali hilo mwezi ujao, na mwenye jibu alilete.